Mwaka wa Koromeo

Eti mpika chai. Nimefunga gereji yangu pale Tangini siku ya kazi, nimefika msibani Soga, nimekaa mkekani pamoja na wanawake wenzangu, halafu kaka wa marehemu anasimama kututambulisha tuliotoka mbali. Akafika kwangu. "Na huyu ni mtani wetu, Mzaramo wa Kisarawe," akasema. "Zamani alikuwa akimpikia chai marehemu kule kazini." Wanawake wakanitazama kwa huruma, na mmoja akanisogezea ungo wa mchele nichambue, maana mpika chai si ndizo kazi zake hizo. Nikachambua. Msibani hakuna kugombana, na mimi nilifundwa nikafundika. Lakini moyo ulinichemka. Marehemu ni Fundi Masanja, aliyenipa kazi inayonilisha mpaka leo, na maziko yalikuwa kesho yake mchana. Nikajiapiza juu ya ule mchele kwamba hazikwi na neno lile. Hawa watu watanitaja kwa kazi yangu kabla udongo haujamfunika, au tutakaa hapo wote mpaka kieleweke.

Sikatai, chai nilipika. Niliipika miezi ya mwanzo ya mwaka ule, nikiwa na miaka ishirini na moja, nimetoka kijijini Kibuta na birika moja na sufuria mbili, na anayedhani chai ni kazi ya aibu ajaribu kuwasha mkaa uliolowa asubuhi wakati mafundi wenye njaa wamemsimamia kichwani. Gereji ya Masanja, hapo hapo Tangini, haikuwa na ukuta. Ilikuwa uwanja wenye mkorosho mmoja na banda la mabati la kufungia vifaa, na udongo wake ulikuwa mweusi kwa oili ya miaka mingi, ukivua ndala unanata. Jiko langu lilikaa ubavuni mwa banda. Nilipika chai ya rangi yenye tangawizi na mihogo ya nazi, na Jumamosi chapati na maharage. Sasa mwanaume akishika kikombe anaongea, na akiongea hamwoni anayemmiminia. Nilisikia gari lipi limerudishwa na mwenyewe kwa hasira, nani kafunga nati bila kuiwekea washa, nani kamdanganya mteja kwamba plagi zimekufa. Na neno walilolitaja kuliko yote ni sailensi. Anayejua Kiingereza atakuambia hilo ni ukimya. Kwa fundi wa huku kwetu sailensi ni ile sauti ya injini gari likiwa limesimama na mguu hauko kwenye mafuta. Gari lenye sailensi nzuri linanguruma taratibu, halipandi, halishuki, halizimi. Likikosa sailensi, dereva analazimika kukanyaga mafuta hata kwenye foleni, la sivyo linamfia. Basi mimi na mwiko wangu nikaanza kuzijua injini kwa sikio. Hii inakohoa. Hii inapanda na kushuka. Nilikuwa nabishana nazo kimoyomoyo kabla boneti haijafunguliwa, na mara nyingi nilipatia.

Masanja alikuwa Msukuma wa watu, mrefu, mzito, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu, na kwa asiyejua, mtani wako anaweza kukuambia lolote, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Tulitaniana kutwa. Alisema sisi tukisikia mdundiko unapita barabarani tunaifuata ngoma na kuacha sufuria motoni. Mimi nikamwambia kwao ng'ombe huitwa kwa jina na mke huitwa kwa mluzi. Siku moja, mbele ya wote, nikamwambia mtani, nipe spana, mwiko nimeuchoka. Wakacheka. Yeye akaweka kikombe chini akajibu kwa utani ule ule.

"Siku Mzaramo wa kike akifungua koromeo la gari na gari likapata sailensi, nitacheza mdundiko kutoka hapa mpaka barabara kuu."

Koromeo lilikuwa jina lake la throto, kile chombo cha alumini kinachokaa mdomoni mwa injini, chenye kisahani ndani ambacho ukikanyaga mafuta kinafunguka ili hewa ipite. Miaka ile magari yasiyo na kabureta ndiyo kwanza yalikuwa yanajaa mjini, na mafundi waliokulia kwenye kabureta walikiogopa chombo kile kama uchawi. Shabani, aliyekuwa msaidizi wa Masanja, akaniambia nisije nikalichukulia kweli neno la mzaha. Nilimjibu kwamba utani nao una mlango wake. Binti wa hivi hivi hawezi kumfuata mwanaume wa umri ule akamwambia nipe kazi yako. Mtani anaweza, na mimi nikaingilia mlango huo huo. Kesho yake sikuja na birika. Nilikuja na suruali ya kaki ya mtumba na kanga juu yake. Masanja alicheka mpaka akakaa juu ya tairi, akauliza chai iko wapi, nikamwambia chai leo ajipikie. Akaendelea kucheka peke yake mpaka akaniona mimi sicheki. Akaingia bandani, akatoka na kopo la petroli na rundo la nati chafu. "Osha hizi, mayu," akasema. Mayu kwao ni mama, na aliniita hivyo pale tu utani ulipokuwa umekwisha.

Nikaosha nati mpaka kucha zikabadilika rangi, na hazijarudi mpaka leo. Chumba nilichopanga kilikuwa na dirisha moja na kitanda cha kamba, na mwenye nyumba alinikataza kuingia na nguo za kazi kwa sababu, eti, nilinuka kama kibatari na ningewachoma wapangaji wote. Nikawa navulia uani, naoga kwa sabuni ya kipande na mchanga, ndipo naruhusiwa ndani. Wapangaji wenzangu walinong'ona bafuni wakidhani sisikii: huyu ataolewa na nani, mikono ile nani ataipaka hina. Nilisikia yote. Masikio yaliyozoea injini yatashindwaje kusikia mabibi wawili bafuni? Nilikuwa najifuta, natoka, nawasalimia kwa heshima, na asubuhi narudi kwenye oili yangu. Leo wale wale wananiletea wajukuu zao niwafundishe kazi, na wengine ni wa kike, na hina wanapaka vizuri tu.

Sasa njoo siku yenyewe. Mzee Kondo alikuwa mtu wa Kibuta, akinijua tangu utoto, na alikuwa na pikapu ya kubebea mananasi. Pikapu ile ilikuwa inazima kila alipoachia mafuta, na kwa vilima vya Kisarawe hilo si jambo la kuchezea. Alishaipeleka kwa mafundi kadhaa, na kila mmoja aliigusagusa akamwambia nenda baba, imepona. Siku hiyo ilizimia karibu na gereji yetu ikiwa na mzigo wa mananasi yaliyoiva, tukaisukuma mpaka chini ya mkorosho, nyuki wakiwa wametufuata nyuma. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akaniuliza nimefuata nini kwenye moshi. Kabla sijajibu Masanja aliwasha injini, akaikanyagia mafuta ili isizime, akanigeukia na kuniuliza nasikia nini. Nikasema koromeo limeziba. Akasema haya, fungua.

"Nani afungue?" Mzee Kondo akauliza.

"Fundi wangu huyu."

"Masanja, huyu ni mtoto wa kwetu. Nilikuwepo alipochezwa ngoma ya mwali. Hawezi kulala kifudifudi juu ya injini mbele ya wanaume. Na gari yangu haigusi."

Masanja alizima injini, akatumbukiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya ovaroli. "Basi leo gari yako haina fundi, mzee," akasema. "Mikono yangu imechoka." Mzee akamtazama Shabani. Shabani naye akamtazama Masanja, akaona ile mifuko, akainama kufunga kamba za viatu. Hakuna aliyesogea. Nyuki walikuwa wanaongezeka, na harufu ya nanasi lililoanza kuchacha ilikuwa imetanda uwanja mzima. Mzee Kondo akaitazama mizigo yake, akanitazama mimi, akavuta tairi akakaa. Alisema nikiiua gari yake atahamia pale pale gereji, apikiwe na kufuliwa mpaka apewe nyingine. Nami nikajua kwamba nikishindwa siku ile nitarudishwa kwenye birika, na hakuna utani utakaonitoa tena.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutofanya kitu. Injini ilikuwa ya moto, na koromeo lile lilipitiwa na mipira miwili ya maji, ukiichomoa injini ikichemka unaungua uso. Nikachuchumaa nikasubiri. Mafundi wakaanza: anaogopa, anaomba dua, amekumbuka mihogo yake. Nikawaambia simba mwenda pole ndiye mla nyama, na wenye haraka wakafungue la kwao. Ilipopoa nikatoa waya wa hasi kwenye betri. Nikalegeza kibano cha mpira mnene unaoleta hewa kutoka kwenye chujio, nikauweka kando. Soketi ya umeme nikaichomoa kwa kubonyeza ulimi wake, sikuvuta waya kama Shabani aliyeshakata nyaya za watu kwa pupa. Kebo ya mafuta nikaizungusha kwa kidole ikatoka kwenye mfereji wake. Mipira ya maji nikaichomoa na kuiziba kwa vijiti vya mkorosho nilivyovichonga wakati wao wanacheka. Zikabaki bolti nne. Tatu zilikubali. Ya nne ilikuwa chini kwa nyuma, haionekani kwa jicho, na ilikuwa imeng'ang'ania. Hapo ndipo nililala juu ya injini hasa kama Mzee Kondo alivyohofia, kifua juu ya vyuma na mguu mmoja hewani, nikaipapasa kwa vidole, nikaitegea spana, nikavuta mpaka nikaona nyota mchana. Ikalegea. Nikalitoa koromeo, nikaziba tundu la injini kwa kitambaa safi, maana nati ikidumbukia humo ni kilio.

Lilikuwa jeusi ndani kama sufuria ya kuni. Kile kisahani kilikuwa kimegandiwa na masizi mazito hata hewa haikuwa na pa kupita. Nikalisugua kwa petroli na mswaki mkuukuu, bila kukilazimisha kisahani, mpaka alumini ikang'aa. Sikuinua kichwa. Nilisikia Mzee Kondo akivuta tasbihi yake, tik, tik. Nikarudisha kila kitu nilivyokitoa, nikafunga bolti kwa kukutanisha pembe, moja kisha ile inayoikabili, nikarudisha waya wa betri, nikawasha. Wallahi, pikapu ilinguruma kama inataka kuruka. Sauti ilipanda juu kabisa na mguu wangu haukuwa kwenye mafuta. Mafundi wakapiga kelele zima, zima, umeiua. Mzee Kondo akasimama, tasbihi ikaanguka. Shabani akapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Usiguse," nikamwambia. "Shabani, toa mkono."

Sijui sauti ile niliitoa wapi, lakini aliutoa mkono. Nilikuwa nimeelewa. Kwenye koromeo kuna skrubu ndogo ya kupandisha na kushusha sailensi. Wale mafundi wa mwanzo, kila mmoja alipoona gari linazima, aliipandisha skrubu ile kidogo akampa mzee ufunguo. Hawakusafisha koo la mgonjwa, walimwambia apaze sauti. Sasa koo lilikuwa safi na skrubu bado iko juu. Nikaishusha kidogo kidogo kwa bisibisi, sikio likiwa pale pale, mpaka injini ikashuka, ikashuka, ikakaa. Ikanguruma taratibu. Haikupanda, haikushuka. Kwa mara ya kwanza pale uwanjani nikasikia nyuki. Mzee Kondo akaingia, akaizungusha mpaka barabarani na kurudi, akaachia mafuta makusudi mara kwa mara. Haikuzima. Akateremka, akaokota tasbihi, akanigeukia.

"Sasa Kibuta nitawaambia nini?"

"Waambie gari imepona, babu."

Na Masanja alicheza. Wapo wanaosema nimeongeza chumvi, waende wakamuulize Shabani, yu hai. Alitoka pale akiwa na ovaroli lake, kiuno kigumu kama gogo, akacheza mdundiko mpaka barabara kuu na kurudi, huku madereva wakipiga honi na mimi nikimpigia debe kwa spana. Kuanzia siku ile mteja akija akauliza fundi yuko wapi, Masanja alikuwa ananionyesha kwa kidevu tu, hasemi. Waliokataa aliwaacha waondoke na magari yao mabovu. Ulikuwa mwaka mtamu. Nilinenepa.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mwisho wa mwaka ule, mchana, nilikuwa chini ya gari nikifunga bomba la moshi, nikaona miguu miwili ya viatu vya tairi inakuja. Ilikuwa ya Luhende, kaka yake Masanja, huyu huyu aliyetutambulisha msibani. Alikuwa ameleta matobolwa kutoka nyumbani, vile viazi vya kuchemsha na kukausha ambavyo Masanja alivitafuna kama karanga. Akasimama na Masanja karibu nami, hawakujua kwamba niko pale chini. Luhende akasema kwa sauti ya chini kwamba huko nyumbani kuna maneno, kwamba kuna mwanamke analala chini ya magari pamoja naye. Masanja akacheka, akatafuna kidogo.

"Nani, yule Mzaramo? Ananipikia chai tu."

Iliniuma. Iliniuma kuliko ya Mzee Kondo, kwa sababu Mzee Kondo alinikataa mbele ya uso wangu. Nilimaliza kufunga bomba, nikajivuta nikatoka, mweusi mpaka kwenye viwiko, nikamwambia Luhende shikamoo. Akaitikia. Aliniona kwa macho yake mawili! Masanja hakunitazama, alitazama matobolwa. Sikumuuliza siku ile wala siku nyingine, maana utani ule ulioniruhusu kumwambia lolote haukuwa na maneno ya jambo kama hilo, na mimi nilitaka aanze yeye. Hakuanza. Mwaka mpya ulipoingia nikaondoka, nikaweka tairi langu na kibao changu upande wa pili wa Tangini. Naye, kwa miaka yote iliyofuata, magari yenye ugonjwa wa koromeo aliyaleta kwangu, na aliwaambia wateja waende kwa Fundi Mwanahawa. Kazini nilikuwa fundi. Nyumbani kwake nilibaki jikoni.

Basi kesho yake mchana jeneza lilikuwa sebuleni, wanaume wamelishika tayari kulitoa. Nikavua ndala, nikajilaza kizingitini. Watu wakaangua kicheko katikati ya kilio, kwa sababu ndiyo kazi ya watani msibani: kumzuia maiti, kumsema, kuwasumbua wafiwa mpaka wawatupie chochote. Sarafu zikaanza kunidondokea kwenye kanga. Nikazikung'uta chini. Nikawaambia okoteni hela zenu, huyu mtani wangu anaondoka na jina langu, mmoja wenu anitajie nilikuwa nani kwake, ndipo nimpishe. Kicheko kikapungua. Luhende akainama, jasho likimtoka.

"Mtani, jua linakwenda. Ulikuwa unampikia chai, si tumeshasema?"

"Rudia, unitazame mikono."

Nikamnyooshea. Akaitazama, akarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa kutwa na wanaume wale, ningelala pale mpaka wanikanyage. Ndipo nikasikia sauti kutoka ndani, nyuma ya jeneza. Alikuwa Mama Kulwa, mjane.

"Luhende, mwache. Maneno ya chai ni yangu. Nilimwambia Masanja, siku nikisikia ana fundi mwanamke narudi kwetu Shinyanga na watoto. Akaniambia ni mpika chai. Nikajua ananidanganya, nikaona uongo huo unanitosha." Akanigeukia mimi. "Ondoka mlangoni, Fundi Mwanahawa. Mume wangu apite."

Kwa mwanamke huyu sikuwa nimejiandaa. Sikumsamehe pale pale, na sijui kama nimemsamehe hata sasa ninapoandika. Nilisimama, nikajifunga kanga, nikawapisha wanaume wa mbele. Walipokuwa wanavuka kizingiti nikashika mpini wa nyuma, upande wa kushoto. Aliyekuwa ameushika alinitazama, akataka kusema kwamba wanawake hawabebi, akamtazama Mama Kulwa. Kisha akaniachia.